Siti ya baba, kliniki ya mama

Kwa miaka minne sasa ninaandika habari za afya, na maswali ninayoulizwa na wasomaji yanafanana. Dawa hii inatibu nini, kipimo kile ni shilingi ngapi, hospitali ipi ina daktari bingwa wa jambo fulani. Hakuna aliyewahi kuniuliza mgonjwa anafikaje huko, yaani amekaa juu ya nini kwa saa nzima ya njia. Swali hilo nililisikia kwa mara ya kwanza mwaka jana, kutoka kwa fundi wa kushona siti za pikipiki hapa Dodoma, na jibu lake lilimhusu mama yangu mzazi.

Nianze na pikipiki yenyewe. Ni Honda XL 125, zile zilizoinuka juu, zenye shokapu ndefu na tairi za meno. Wazee wetu wanazikumbuka vizuri, maana miaka ya 1980 na 1990 ndizo zilizokuwa miguu ya watumishi vijijini: bwana shamba, bwana mifugo, bwana afya, hata mapadri na wachungaji. Injini yake ni ndogo lakini haina makuu. Ukiitunza inakutunza.

Baba yangu alikuwa bwana afya. Juu ya pikipiki kama hiyo alizunguka vijiji akibeba kasha la chanjo nyuma, amelifunga kwa mpira. Mwaka 2004 ofisi yake ilipouza vyombo chakavu, akaenda mnadani akaipata. Alipofikisha miaka 60 alistaafu, akarudi kijijini, wilaya ya Chamwino, kusini-mashariki mwa jiji. Pikipiki ikarudi naye.

Kwa asiyeijua Dodoma, barabara zetu kubwa ni za lami, iwe unakwenda Morogoro, Singida, Iringa au Kondoa. Ukiziacha tu, unaingia kwenye udongo. Kiangazi chetu ni kirefu, kinaanza karibu Mei mpaka Novemba, na barabara za udongo hukunjamana mawimbi kama bati la kuezekea. Mvua zikija, makorongo yanakata njia na mchanga unajaa mabondeni. Kutoka nyumbani kwetu hadi kituo cha afya ambako mama anahudhuria kliniki ya presha ni kilomita 19 za njia hiyo. Kwenda na kurudi, 38.

Siti ya pikipiki ilikuwa imechoka. Leza ya juu ilipasuka kwa jua, mvua ikaingia kwenye sponji, na sponji ikishanyonya maji haikauki upesi. Baba alitandika kiroba juu yake, akakifunga kwa kamba, maisha yakaendelea. Septemba, alipokuja mjini kwa shughuli zake za pensheni, nilimwambia tutafute siti mpya, gharama juu yangu.

Tulizunguka maduka ya vipuri asubuhi nzima. Siti zilizojaa madukani ni za Boxer, za TVS na za pikipiki za Kichina, kwa sababu ndizo zinazobeba abiria wa bodaboda nchi nzima. Ya XL ya zamani hatukuipata. Kijana mmoja dukani alisema tuchukue ya Boxer, tukachomelee vishikizo vipya kwenye chasisi. Baba alikataa, na nadhani alikuwa sahihi. Siti ya XL ina ulimi mbele unaoingia chini ya tangi, na nyuma inashikwa na bolti mbili. Siti isiyokaa kwenye vishikizo vyake huanza kucheza, na siti inayocheza kwenye mchanga ni ajali inayosubiri siku yake. Tukaamua tuitengeneze ileile.

Ndiyo tukafika kwa fundi huyo, kibanda chake kiko jirani na soko la Majengo. Ana cherehani nzito ya kushonea leza, marobota ya leza ukutani, na vijana wa bodaboda wamepanga foleni. Mmoja anataka nyekundu na nyeupe za Simba, mwingine kijani na njano za Yanga, wa tatu anataka jina la mwanawe lishonwe kwa uzi mweupe. Fundi aliipindua siti ya baba juu ya meza, akang'oa pini moja moja kwa koleo, akalivua kava lote.

Hapo ndipo tulipoona kilichokuwa ndani. Mbele, anapokaa dereva, sponji ilikuwa bado nene, imebonyea kidogo. Nyuma ilikuwa imeoza na kuwa unga wa njano unaomwagika kama pumba. Bati la chini upande wa kushoto lilikuwa na kutu, ukingo wake umejipinda kwa juu.

Fundi alimtazama baba.

"Mzee, huku nyuma anakaa nani?"

"Mama yao."

"Anakaa kiume au kike?"

"Kike. Toka zamani."

"Miguu anaiweka upande gani?"

Baba alifikiri kidogo. "Kushoto."

Fundi akapitisha kidole juu ya ule ukingo wa bati, taratibu, kama mtu anayepima makali ya kisu. "Basi mama amekuwa akikalia chuma," akasema. "Yeye anasemaje?"

Baba alijibu kwamba hajawahi kusema kitu. Fundi akasema hawezi kukata sponji ya mtu ambaye hajamsikia. Tumpigie.

Mama alipokea simu akiwa anapepeta mtama. Nilipomweleza tuko wapi na tunafanya nini, alicheka sana. Kisha akasema: "Hiyo siti mimi tuliagana nayo mwezi wa tano."

Kwa hiyo tangu Mei mama hakuwa amekwenda kliniki. Kila mwezi nilipopiga simu nyumbani niliambiwa dawa zimechukuliwa, na ilikuwa kweli. Baba alikuwa anakwenda na kadi yake, anachukua vidonge, anarudi. Mama alimwambia miguu inamsumbua, naye baba akaona ni umri, maana mama ana miaka 61. Hakuna aliyedanganya hapo. Ila kadi ilikuwa na dawa kila mwezi, na sehemu ya kuandika kipimo ilikuwa tupu mara nne mfululizo.

Naomba nieleze kwa nini nafasi hizo tupu zilinishtua. Presha haiumi. Mtu anaweza kuwa na kipimo cha juu sana akapika, akalima, akacheka na wajukuu, kisha siku moja akaanguka kwa kiharusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajui kuwa wanayo. Anayejua amepiga hatua kubwa, lakini vidonge pekee havitoshi. Dawa iliyomtosha mtu mwaka juzi huenda haimtoshi leo. Njia ya kujua ni kupimwa. Mgonjwa anayechukuliwa dawa bila kupimwa anasafiri usiku bila taa, hata kama tangi limejaa mafuta.

Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba alikuwa amekaa kwenye siti hiyohiyo miaka yote, kilomita zilezile, mchanga uleule, na kwa upande wake hakukuwa na tatizo kubwa. Mbele kulikuwa na sponji na nyuma kulikuwa na bati. Walisafiri pamoja, kila mmoja kwenye siti yake.

Fundi alisema tumlete mama. Jumamosi iliyofuata alipanda Coaster alfajiri, akashuka mjini na kitenge chake kizuri, akapanda juu ya pikipiki ndani ya kibanda, mbele ya vijana wa bodaboda waliokuwa wanasubiri. Walimwamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo mama!" Aliwaitikia marahaba kutoka juu kule kama mkuu wa mkoa anayekagua gwaride.

Fundi alichora kwa chaki pale alipokaa mama. Kisha akanieleza kazi yake, nami nikagundua kwamba anaijua anatomia kwa mikono.

Tukikaa, uzito wa mwili unabebwa na mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Sponji laini sana, ile ya godoro la kawaida, ukiikalia inabanwa yote mpaka mwisho, na baada ya dakika chache unakuwa kama umekalia ubao. Watu wengi huongeza laini juu ya laini na hawapati nafuu. Dawa yake ni tabaka mbili: chini sponji ngumu, ile ya vipande vilivyobanwa pamoja, na juu yake sponji laini nyembamba. Ile ngumu inatawanya uzito na kupunguza mtikisiko, ile laini inafariji ngozi.

Anayekaa kike kwa safari ndefu ana shida zaidi. Kiuno kimegeuka upande mmoja, nyonga moja imebeba zaidi ya nyingine, na ukingo wa siti unakandamiza nyuma ya mapaja mahali mishipa inapopita. Ndiyo maana miguu inaingia ganzi. Mama alisema kwamba akishuka kituo cha afya alikuwa anashika mti kwanza, anasubiri miguu irudi, ndipo aingie. Hilo hakuwa amemwambia mtu. Aliona aibu kushika mti mbele ya watu.

Tukalisugua bati kwa brashi ya waya, ukingo ukanyooshwa kwa nyundo, likapakwa rangi ya kuzuia kutu likaanikwa. Sponji ikakatwa kwa kisu kirefu. Gundi ikapakwa pande zote mbili, ikaachwa ikauke kidogo kabla ya kugandishwa, maana ukiharakisha itaachia kwa joto la kwanza. Kisha fundi akapitisha msasa mpaka mabega ya siti yakawa mviringo. Sehemu ya nyuma aliitanua kidogo na kuisawazisha. Ya zamani ilikuwa imeinamia mbele, na kila baba alipofunga breki mama alikuwa anateleza kuelekea mgongoni kwake.

Kabla ya leza akatandika nailoni ngumu ili maji yasifike kwenye sponji. Mishono aliiweka pembeni. Mshono unaopita katikati ya makalio unauma, na matundu ya sindano ni mlango wa maji. Baba alitaka leza nyeusi kama ya awali. Mama akauliza kama yeye ndiye anayeikalia saa saba mchana ikiwa imeanikwa nje ya kituo cha afya. Tukachukua ya kijivu, isiyoteleza. Nyeusi kwenye jua la Dodoma ni kikaango.

Likabaki suala la kukaa kiume. Fundi alishauri hivyo, nami pia. Ukiwa na mguu kila upande, kiuno kinanyooka, miguu yote miwili inapata kikanyagio, na pikipiki inakaa sawa kwenye mchanga. Mama aliuliza watu kijijini watasema nini wakimwona bibi mzima amepanda hivyo. Sisi tukanyamaza. Baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, akasema: "Watasema bibi anakwenda kliniki."

Mama hakujibu palepale. Alikwenda sokoni akarudi na suruali pana ya kuvaa ndani ya gauni. Akanunua pia kitambaa chepesi cha kichwa, kwa sababu kofia ngumu haikai vizuri juu ya kilemba kinene, na kofia ambayo haijakaa vizuri na kufungwa mkanda kidevuni haikulindi. Utaratibu alioutunga mwenyewe ni huu: kutoka nyumbani hadi kwenye mbuyu wa mwisho wa kijiji anakaa kike. Wakiupita mbuyu, baba anasimama, mama anageuka, wanaendelea.

Kazi yote, pamoja na vishikio viwili vya chuma vya abiria, ilitugharimu shilingi 85,000. Wiki ya kwanza baba alilalamika kwamba siti ni ngumu. Fundi alikuwa ametuonya: siti nzuri ni ngumu dukani na laini njiani. Baada ya safari ya tatu sikumsikia tena.

Oktoba mama alikwenda kliniki. Kipimo chake kilikuwa 172 juu ya 104. Kumbuka kwamba daktari huanza kuita presha pale kipimo kinapofika 140 juu ya 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti. Alikuwa anameza vidonge vyake kila siku, na presha ilikuwa juu kiasi hicho. Hakusikia kichwa kuuma wala kizunguzungu. Walimbadilishia dawa, wakamwambia arudi baada ya wiki mbili, akarudi. Akarudi tena Novemba na Desemba. Januari kipimo kilisoma 138 juu ya 84.

Siti haishushi presha, na sitaki msomaji yeyote aondoke hapa akidhani nimesema hivyo. Iliyoishusha ni dawa sahihi, iliyobadilishwa na mtaalamu aliyekuwa na kipimo mkononi. Siti ilimfikisha mama mbele ya mtaalamu huyo, akiwa na miguu yenye nguvu ya kuingia mlangoni.

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni wazazi wenye watoto, na nyuma yenu kuna wazazi wenu walioko Kongwa, Mpwapwa, Bahi au Manyoni. Mnawatumia hela ya dawa kwa simu, na mnafanya vema. Zipo njia rahisi za kujua kama hela hiyo inafika mwisho wa safari.

Mkienda nyumbani, bonyeza siti ya pikipiki ya familia kwa dole gumba, hasa nyuma. Ukilisikia bati, sponji imekwisha, hata kama kava linang'aa. Pitisha mkono ukingoni kote. Angalia kama vikanyagio vya abiria vipo vyote viwili na kama ana mahali pa kushika. Hata kama mzazi wako anatumia bodaboda ya kukodi, ana haki ya kuchagua pikipiki yenye siti nzima, na ana haki ya kusema "simama kidogo ninyooshe miguu." Mara nyingi hasemi, kwa sababu anaona anamchelewesha kijana wa watu.

Na kwenye simu, badilisha swali. Ukiuliza "dawa mmechukua?" utajibiwa ndiyo. Uliza "walikupima ngapi?" Mtu aliyekwenda atakutajia namba, au atakuambia subiri nikachukue kadi. Asiyekwenda atanyamaza kidogo, na katika ukimya huo ndipo utaulizia miguu, siti, nauli, aibu, au chochote kile kinachomzuia.

Kadi ya mama sasa hukaa kwenye mkoba wake mwenyewe, haikai tena kwenye mfuko wa shati la baba. Nilipomwambia nataka kuandika habari hii alifikiri, akaniruhusu, kwa sharti moja. Niwaambie wanawake wenzake kwamba suruali ya kuvaa ndani ya gauni inapatikana Majengo, na kwamba mbuyu wa kugeukia kila kijiji kinao.